Ujumbe Uliokaa Siku Sita

Gwakisa alikuwa na miezi mitano alipoanza kuinama. Hivyo ndivyo mama yake, Atuganile, alivyoeleza kila alipoulizwa, maana hakuwa na neno jingine. Mtoto akiamka tu, kabla hajanyonya, kichwa kilimdondokea kifuani, mikono ikamruka kama ya mtu anayeteleza, kisha akatulia. Akalia kidogo. Halafu tena. Na tena. Asubuhi moja Atuganile alihesabu mara ishirini na saba, akaacha kuhesabu kwa sababu uji ulikuwa unaungua.

"Hilo ni chango," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa amelea watoto tisa hapo kijijini Lupepo na hakukosa jibu la ugonjwa wowote. "Mpe maji ya majani. Litakwisha."

Halikwisha. Zahanati walisema ni kifafa, wakampa fenobabito, dawa ile ya kawaida. Gwakisa akawa analala mchana kutwa, na akiamka anainama vilevile. Lakini kilichomuuma Atuganile zaidi ni kwamba mtoto alikuwa ameshajua kucheka, na sasa alikuwa amesahau. Baba yake, Ambwene, akirudi kutoka shamba la chai alikuwa akimpigia mluzi mlangoni, naye alikuwa akitupa miguu kwa furaha. Sasa mluzi ulipigwa, na mtoto akaendelea kutazama ukuta.

Ndipo wakaandikiwa kwenda kliniki ya watoto wenye kifafa, mjini Tukuyu, na huko ndiko Atuganile alikokutana na Zakia.

Zakia alikuwa mke wa Mrisho, fundi cherehani wa pale sokoni. Alikuwa na binti wa miezi sita aliyeitwa Ummy, na Ummy naye alikuwa anainama. Wale wanawake wawili walikaa benchi moja, kila mmoja na mtoto mapajani. Watoto walipoamka karibu wakati mmoja na kuanza kuinama pamoja, mama zao walitazamana, wote wakaanza kulia bila kusalimiana.

"Nilidhani ni wangu peke yake," alisema Zakia.

"Hata mimi."

Muuguzi wa kliniki, sista Generosa, mwanamke mrefu wa Bukoba asiyependa maneno mengi, aliwaandikia wote waende Mbeya kupimwa umeme wa ubongo. Walipanda basi moja. Zakia alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na chapati alizofunga kwenye kitambaa, akammegea mwenzake bila kuuliza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu wanatoka Tukuyu, na mtoto wa Atuganile alipolowana kwa matone ya dirishani Zakia alivua khanga yake ya juu akamfunika.

Mbeya wote wawili waliambiwa jambo lilelile. Daktari aliyewapokea alikuwa dada mmoja mdogo wa umri, jina lake Sia, na aliwaeleza polepole, akichora mistari kwenye karatasi.

"Hiki ni kifafa cha watoto wachanga, na ni kikaidi. Dawa za kawaida hakizisikii. Kila siku kinapoendelea, ubongo wa mtoto unazuiwa kujifunza, ndiyo maana wameacha kucheka. Tunaanza na prednisoloni, kwa dozi kubwa. Watavimba mashavu, watakuwa na njaa, watakuwa na hasira. Msiogope hayo. Baada ya wiki mbili mrudi kliniki Tukuyu."

"Na isiposaidia?" aliuliza Atuganile.

"Iko dawa ya pili. Hiyo haipatikani huku, tunaiagiza Dar. Lakini tuanze na hii kwanza."

Kwenye basi la kurudi Zakia alimshika mkono. "Watapona pamoja, mama Gwakisa. Utaniambia."

Siku ya tano simu iliita Atuganile akiwa anamenya ndizi. Zakia alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama Gwakisa, leo hajainama! Ameamka, nikasubiri, nikasubiri, hakuna! Na jana jioni nadhani haikuwepo pia, ila niliogopa kusema. Vipi wewe?"

Atuganile alitazama kitandani. Gwakisa alikuwa ameinama mara kumi na nane asubuhi ile.

"Bado," alisema. "Labda kesho."

"Itafika, inshallah. Namwombea kila swala."

Alipokata simu Atuganile alirudi kwenye ndizi zake. Alimenya zote, hata zile alizotaka kubakiza kwa ajili ya kesho yake, na utomvu ukamkausha vidole.

Siku ya saba alikwenda Tukuyu kununua sabuni, akapitia kwa Zakia. Hakuwa na haja ya sabuni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, cherehani ya Mrisho ikitwanga pembeni, akaomba kuona dawa.

"Nataka nilinganishe tu. Nisije nikawa nimepewa nyingine."

Zakia akamletea kasha. Lilikuwa lilelile, kampuni ileile, hata tarehe ya kuisha ni ileile. Atuganile alilishika kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Afadhali lingekuwa tofauti. Lingekuwa tofauti angekuwa na wa kumlaumu, angepanda bodaboda hadi kliniki akapige kelele.

Ummy alikuwa amelala kwenye mkeka. Mashavu yalikuwa yamejaa, amekuwa kama andazi. Atuganile alijua kwamba hatari ya mtoto ni pale anapoamka, basi akakaa. Zakia alimletea chai, akainywa taratibu. Alisema anasubiri mvua ipungue, ingawa ilikuwa imeshapungua. Hatimaye Ummy akafumbua macho, na Atuganile akajikuta ameinamia mbele, amezuia pumzi, anasubiri kichwa kile kidogo kidondoke.

Hakikudondoka. Ummy alijinyoosha, akamwona mgeni, akacheka.

Atuganile aliaga haraka. Alipofika njiani kwenye migomba alisimama, akajiuliza alikuwa anasubiri nini mle dukani, na jibu alilijua. Alikuwa anamwombea mtoto wa mwenzake ainame. Mara moja tu, alijiambia, si zaidi, ili wawe sawa. Alijionea kinyaa. Lakini kinyaa hakikuondoa lile jambo, vilikaa pamoja.

Kuanzia hapo kila alichosema Zakia kilimchoma. Akisema "Mungu mkubwa," Atuganile alisikia: kwangu. Akisema "usikate tamaa," alisikia sauti ya mtu aliyekwisha vuka akimhimiza aliyebaki ng'ambo. Mama mkwe akauliza, "Yule wa fundi cherehani amepona, huyu wetu mbona bado? Unampa sawasawa?" na Atuganile kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimjibu vibaya, "Njoo umpe wewe basi!"

Ambwene alimwita nje. "Mama Gwakisa, yule ni mama yangu."

"Na huyu ni mtoto wangu."

"Ni wetu," alisema Ambwene, akamwacha pale uani.

Jumanne, wiki mbili zilipotimia, Atuganile alikwenda kliniki. Zakia hakuwepo. Sista Generosa alimpima Gwakisa uzito, akauliza maswali yake, akaandika, kisha akampigia daktari Sia simu na kuzungumza naye kwa dakika kumi.

"Prednisoloni haijamfaa mtoto wako," alisema alipomaliza. "Siyo kosa lako, na siyo kwamba umeikosea. Wengine inawakubali, wengine inawakataa, na hakuna ajuaye kwa nini. Tunaipunguza kidogo kidogo, na ile ya pili tumeiagiza. Itachukua siku kumi hivi."

"Siku kumi nyingine za kuinama."

"Ndiyo," alisema Generosa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya. Halafu akamshika bega. "Sikiliza. Mama Ummy hajaja na namba yake haipatikani. Wewe si rafiki yake? Mwambie aje kabla dawa hazijaisha. Ijumaa zinakwisha. Prednisoloni haikatwi ghafla, hata kama mtoto anaonekana amepona. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukikata, mtoto analegea, sukari inashuka, anaweza kufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Atuganile alijua kwa nini namba haipatikani. Simu ya Zakia ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, akawa anatumia ya mumewe, na namba ya Mrisho Atuganile alikuwa nayo. Angeweza kuitoa palepale. Alifunga mtoto mgongoni, akatoka.

Jumatano Zakia alimtumia video kwa simu ya Mrisho. Walikuwa Kyela, kwenye harusi ya shemeji yake, ndiyo maana hakwenda kliniki. Ummy alikuwa amevaa gauni la njano, wanawake wakimrushia mikono, naye anacheka kila mara mikono ikiruka. Chini yake Zakia alikuwa ameandika: Dawa zinaisha Ijumaa, namshukuru Mungu mtoto kapona kabisa, mama mkwe anasema nisimjaze makemikali tena.

Atuganile aliandika: Usiache dawa, sista amesema uende. Aliisoma. Akaitazama tena ile video, kicheko kile, akamtazama Gwakisa aliyekuwa kwenye mkeka amegeukia ukuta. Akafuta herufi moja moja. Akaandika: Amependeza sana.

Nitamwambia kesho, alijisemea. Alhamisi alisema mtu mzima anajua mwenyewe, kila mtu aliambiwa arudi baada ya wiki mbili, yeye si mtumishi wa Zakia. Ijumaa alisema bado, leo ndiyo wana dawa ya mwisho. Jumamosi alikuwa shambani tangu asubuhi, na simu aliiacha nyumbani kwa makusudi. Jumapili kanisani mchungaji aliwataka watu waombee wagonjwa kwa majina. Atuganile alitaja jina la Gwakisa, la Ummy hakulitaja.

Jumatatu Ambwene alirudi kutoka Tukuyu saa nne asubuhi. Alikuwa amepeleka parachichi sokoni.

"Nimempitia Mrisho, wamesharudi kutoka Kyela," alisema akivua viatu vya matope. "Mtoto wao haamki. Tangu jana anatapika, hanyonyi, amelegea kama kitambaa. Wanasema ni malaria. Mama yake ametoka kwenda duka la dawa kununua ya maji."

Atuganile alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika. Kisha akachukua simu, akapiga. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akamweka Gwakisa mikononi mwa mama mkwe, akatoka mbio bila kujifunga khanga ya pili, Ambwene akimwita nyuma.

Bodaboda ilimfikisha sokoni ikiteleza. Zakia alikuwa amekaa sakafuni dukani, anajaribu kumnywesha Ummy dawa ya malaria kwa kijiko, na dawa ilikuwa inatoka pembeni mwa mdomo.

"Siyo malaria," alisema Atuganile. "Mama Ummy, inuka. Siyo malaria. Ni ile dawa, haikatwi ghafla, twende hospitali sasa hivi!"

"Dawa gani? Si alishapona?"

"Inuka kwanza!"

Mrisho alikuwa ameshasimama. Walipanda bajaji wote watatu, mtoto katikati. Hospitalini kulikuwa na foleni, na mganga kijana aliyewapokea alianza kuuliza kuhusu homa na chandarua. Atuganile alimkatiza.

"Daktari, mtoto huyu alikuwa kwenye prednisoloni, dozi kubwa, wiki mbili na zaidi. Ilikatwa Ijumaa. Mpime sukari. Nakuomba, mpime sukari."

Mganga alimtazama, kisha akamtazama mtoto, kisha akaanza kukimbia. Sukari ilikuwa chini sana. Walitafuta mshipa kwenye mkono, wakaukosa, wakaupata kichwani. Wakamtundikia dripu ya sukari, wakamchoma sindano ya dawa ya jamii ileile aliyokatishwa. Zakia alikuwa amekaa kwenye sakafu ya korido, mdomo unacheza kwa dua. Atuganile alisimama ukutani. Hakuthubutu kukaa karibu naye.

Saa nane mchana Ummy alilia. Kilikuwa kilio chembamba, cha paka, lakini watu wote kwenye korido walikisikia. Zakia aliruka, akamkumbatia Atuganile shingoni.

"Umeniokolea mwanangu," alisema. "Mungu akulipe. Ningemwua mwenyewe kwa mkono wangu. Ulijuaje? Ulijuaje, shoga yangu?"

Sista Generosa alikuwa ameitwa kutoka kliniki, na alikuwa anakuja kwenye korido wakati huo. Aliuliza akiwa bado mbali, "Mama Gwakisa, nilikwambia Jumanne. Hukumpata?"

Mikono ya Zakia ililegea shingoni kwa Atuganile, lakini haikutoka mara moja.

Angeweza kusema hapana. Kyela mtandao ni mbaya, simu iliharibika, kila mtu angeamini. Maneno yalikuja yote, yamepangika, yakimsubiri.

"Nilimpata," alisema. "Alinitumia ujumbe Jumatano. Sikumwambia."

"Ulijua tangu Jumanne?" aliuliza Zakia.

"Nilijua."

"Nimekukosea nini?"

Atuganile alitafuta jambo lenye uzito wa kulingana na kile kitendo, hakulipata. "Ummy alicheka," alisema. "Wangu hakucheka. Basi. Ni hilo tu."

Zakia hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama kuanzia miguuni, kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akaingia wodini. Mrisho alifunga mlango. Sista Generosa alibaki na Atuganile.

"Na mimi nilikosea," alisema. "Ujumbe kama ule ningeupeleka mwenyewe hadi mlangoni. Lakini wewe uliahidi." Akamwambia aende nyumbani kwa mtoto wake.

Ambwene alipoelezwa hakumgombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Siku ya tatu akasema, "Mimi pia nilimwonea wivu Mrisho. Nilikuwa napita dukani kwake nageuza uso. Lakini ningesema."

Dawa ya pili ilifika kutoka Dar wiki ile. Iliitwa vigabatrini, unga kwenye vipakiti. Generosa alimwonyesha Atuganile namna ya kuuyeyusha, kuupima na kumnywesha mtoto kwa bomba la sindano, akamwonya kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru macho, kwa hiyo mtoto lazima apimwe. Atuganile alisikiliza kila neno mara mbili. Wiki ya kwanza kuinama kulipungua hadi mara sita. Wiki ya tatu kulikuwa kumebaki mara moja tu, alfajiri. Kisha siku moja hakukuwepo, na siku iliyofuata, na Atuganile hakumpigia mtu yeyote simu. Hakukuwa na wa kumpigia.

Gwakisa hakuwa kama watoto wengine wa rika lake. Alipofika miezi tisa bado shingo ilikuwa inamyumba, na daktari Sia alisema wazi kwamba miezi iliyopotea haitarudi yote. Lakini alianza tena kugeuka akisikia sauti. Ummy alitoka hospitalini siku ya nne, akapunguziwa dawa taratibu hadi ikaisha. Kliniki wanawake wale wawili walikuwa wanakaa mabenchi tofauti.

Miezi mitatu ilipita. Siku moja mchana bodaboda ilisimama uani kwa Atuganile, na Zakia akashuka, Ummy mgongoni, mfuko wa hospitali mkononi. Mama mkwe alikimbia kumkaribisha kiti. Zakia alisalimu kwa heshima, akakaa ukingoni.

"Sikuja kuzungumza," alimwambia Atuganile. "Kimerudi. Tangu wiki iliyopita anainama. Wamempa hii yenu. Sista alinionyesha, lakini nilikuwa nalia, sikushika kitu. Leo kliniki imefungwa. Amesema wewe unaijua."

"Naijua."

Zakia alimfungua mtoto mgongoni. Hakuinua macho alipouliza, "Ni kwa sababu ilikatwa siku zile?"

"Nilimwuliza daktari," alisema Atuganile. "Nilimwuliza kabla hata hakijarudi. Anasema kinaweza kurudi hata kwa aliyemaliza dawa vizuri. Anasema hawezi kujua. Na mimi sijui, mama Ummy. Sitajua kamwe."

Zakia alitikisa kichwa polepole. Gwakisa alikuwa ameegemezwa kwenye mto, anang'ata kamba ya khanga, na alipoona uso mpya aliachama, akatoa sauti ya furaha. Zakia alimtazama. Atuganile aliyaona yale macho, akayatambua, akayaacha yatazame. Hakumwondoa mtoto. Alijichunguza ndani, akiogopa kukuta furaha ndogo imejificha mahali. Alichokuta ni kujua tu asubuhi za Zakia zitakavyokuwa.

Alinawa mikono, akaleta kikombe safi na maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Pakiti moja, maji mililita kumi. Usikadirie kwa jicho. Koroga mpaka yawe meupe kabisa, chembe isionekane. Halafu unavuta kiasi alichoandika daktari, kinachobaki unamwaga, usimtunzie kwa ajili ya jioni."

Zakia alikoroga. Kijiko kiligonga ukingo, kikombe kikapinduka, dawa ikaenea mezani. Alikaa akiitazama, machozi yakaanza.

"Wamenipa za kuhesabu," alisema.

Atuganile aliingia chumbani, akatoka na pakiti ya Gwakisa, akaiweka mbele yake.

"Anza upya."

"Sijakusamehe," alisema Zakia.

"Najua. Koroga."

Zakia aliikata pakiti kwa meno, akamimina, akakoroga hadi maji yakawa meupe. Kisha akachukua bomba, akalivuta taratibu, akiliinua juu kwenye mwanga wa dirisha mpaka dawa ikafika kwenye mstari.